Nilifuata Unga wa Protini, Nikamkuta Mfungaji Wetu

Leo nimekwenda kununua unga wa protini, nimerudi nyumbani macho mekundu.

Binti yangu Neema anacheza mpira wa miguu hapa Geita. Kipindi cha pili miguu humwishia nguvu, na wenzake wamemwambia dawa yake ni ule unga wa kopo. Basi tukaingia duka moja pale Kalangalala.

Muuzaji akanikazia macho. "Wewe si senta wetu?"

Jamani, Rehema! Mfungaji wetu wa netiboli enzi za usichana. Sikuwa nimemwona tangu timu ivunjike.

Tulipomaliza kukumbatiana nikamweleza shida ya mtoto. Akamgeukia Neema. "Asubuhi ya mechi unakula nini?"

"Chai tu, mama mdogo. Nikishiba najiona mzito."

Rehema akalirudisha kopo kwenye rafu. "Hili litasubiri. Kwanza ule."

Hapo tukaikumbuka michembe ya mama yake! Viazi vitamu vilivyokaushwa, anavipika na karanga, anatuletea sufuria nzima uwanjani. Tunakula mikono ikigongana. Halafu tunakimbia hadi wapinzani wanauliza tumekunywa nini.

Nikauliza, "Na Mama hajambo?"

"Tulimzika mwaka juzi, dada."

Wateja wanatutazama, mimi nimeshika kaunta tu.

Rehema akafuta macho, akamwambia Neema, "Jumamosi mna mechi? Michembe nitaipika mimi. Waambie wenzako waje na njaa."

Wenzangu mliokimbia kwa nguvu ya michembe, mko wapi?