Mbio Zangu za Kutoka Fukayosi

Kwetu pwani mtu mzima hakimbii. Akikimbia, ama nyumba inaungua ama kuna mtu kafa. Jambo hili nililijua tangu utotoni, na siku ile moja niliyolihitaji nikalisahau.

Nilikuwa tarishi, napeleka barua za wafanyabiashara wa Bagamoyo kwenye misafara ya bara, na nilijisifu kupita kiasi. Nilipenda kusema mbio ni moyo, si miguu: ukishaanza usisimame, wala usimjibu mtu. Ukiitikia salamu moja utaulizwa habari za nyumbani, za watoto na za shamba, mpaka jua lizame.

Basi baba wa mchumba wangu, aliyekuwa akilima Fukayosi, akavimba mguu, asiweze kuja kuniozesha binti yake. Mama wa binti akanitazama. "Si wewe ndiye bingwa? Kailete ruhusa mwenyewe." Kadhi alikuwa anavuka kwenda Unguja kesho yake baada ya Alasiri, na asingerudi mpaka Ramadhani iishe. Nikichelewa, ndoa ingesubiri, na mama hakuficha kwamba kuna mwenye duka la vitambaa anayeulizia.

Nikaenda siku hiyo hiyo, nikalala huko. Alfajiri mzee akanipa barua ya kumpa kadhi uwakala wa kuozesha, na pete yake ya fedha iwe ishara. Nilimwacha barazani anatafuna muhogo wa kuchoma, nikatimua mbio.

Kijiji cha kwanza wakaniuliza kuna nini. Sikujibu. Cha pili wakaniuliza nani kafa. Nikakaza moyo, nikatazama mbele. Kisigino kilikuwa kimechunika, machozi yananitoka yenyewe. Pale Ruvu mvushaji wa mtumbwi alikataa nauli yangu, akanishika bega. "Pole, ndugu yangu. Kazi ya Mungu." Nikaona watu wa huku wana adabu sana.

Nilipokaribia mjini nikasikia vilio nyuma yangu. Wanawake wa kijiji cha mwisho walikuwa wamejitanda kaniki, wananifuata na waume zao. Nikadhani kuna msiba mjini, nikazidisha mbio.

Mama alikuwa ukumbini anachagua mchele. Akaniona mimi, akawaona waliaji, kisha akaiona pete ya mumewe kidoleni mwangu. Ungo ukamponyoka. Nyumba nzima ikalipuka kwa kilio, na nyuma ya pazia nikamsikia mchumba wangu akimwita baba yake. Hapo ndipo nilipoelewa, na sijapata kujichukia vile.

Kadhi alikuwa akinisubiri humo ukumbini, amekwisha kuvaa joho la safari. Akaisoma barua, akaikunja polepole. "Uwakala wa maiti haufai kitu, mwanangu. Ndoa itangoja."

Nikafungua kinywa. Pumzi nilizozibania tangu alfajiri, haikubaki hata moja. Nikamng'ang'ania kadhi joho, nikahema mpaka nikapata neno.

"Muhogo."

Wakanitazama kwa huruma, wakijua nimerukwa na akili.

"Nimemwacha... anakula muhogo."

Kadhi alicheka mpaka kilemba kikamlegea. Akatuozesha mara moja, akaenda zake bandarini. Waliaji walikula pilau yangu yote, na siwalaumu, maana walikuwa wametoka mbali.

Kesho yake Alasiri mzee akatokea mlangoni, vumbi mwili mzima, mguu umemvimba mpaka gotini. Fukayosi kulikuwa kumefika habari kwamba nyumbani kwake mjini kuna msiba, na hakuna aliyejua wa nani. Alidhani ni binti yake. Njia nzima alikuwa akisimama kwa kila mtu, anaamkia, anaitikia, anauliza, hapati jibu, anajikongoja tena.

Alimshika binti yake mkono, asiuachie kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa nimejikunyata pembeni, natamani ardhi inimeze. Mwishowe akanigeukia.

"Mwanangu, siku nyingine ukiwa na habari ya heri, tembea."