Kariakoo, Kutafuta Filamu ya Bubu

Niliondoka Lindi kwa sababu mama alinituma, na mama akishatuma mtu hakuna majadiliano. Kaka yake, Mjomba Shaweji, alikuwa na saratani ya koo. Daktari alishamwambia wazi: zoloto, kile kisanduku cha sauti, kitolewe sasa kabla ugonjwa haujasambaa, naye ataishi. Ila hatasema tena. Mjomba akakataa. Kazi yangu ilikuwa kwenda Dar es Salaam na kurudi na habari moja tu, kwamba amekubali.

Wenye umri wangu mnamjua, hata kama jina hamlijui. Enzi za kanda za video alikuwa mtafsiri wa filamu. Anakaa na maikrofoni mbele ya deki, sauti ya filamu inapunguzwa, naye anasema kwa Kiswahili maneno ya kila mtu, mwanamume, mwanamke na mtoto mchanga. Kanda zake zilifika mpaka kwetu, kwenye vibanda vya video. Shuleni nilijigamba kwamba yule ni mjomba wangu, na nusu ya darasa ikasema mimi mwongo.

Alfajiri basi liliondoka. Njia nzima, kutoka Nangurukuru hadi daraja la Rufiji, nilikuwa napanga hotuba. Jirani yangu alikula mayai ya kuchemsha na kunisimulia kesi ya shamba la shemeji yake, nami nikawa naitikia tu "eeh, eeh," huku nikitafuta neno litakalomlainisha mzee mkaidi. Tulipofika Mbagala nilikuwa nimeshaipata hotuba nzuri sana. Niliiamini kabisa.

Kariakoo niliingia alasiri. Wauzaji wa siku hizi hawapigi kelele wenyewe. Wamerekodi sauti zao kwenye spika ndogo, na spika zinaita wateja zenyewe huku mwenye mali anakula ugali. Nilipita katikati ya mikokoteni na marobota ya mitumba mpaka Mtaa wa Sikukuu. Nyumba ya Mjomba ni ya kizamani, imebanwa na maghorofa pande zote, na uani kwake jua linaingia saa sita tu, tena kwa kuiba.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba." Sauti ilikuwa kama kiatu kinachoburutwa kwenye changarawe. Kabla sijafungua mdomo akainua mkono. "Mama yako kakutuma. Hotuba weka, utaisoma kwenye harusi. Pumzika kwanza."

Jioni ile nilikula chapati na maharage, yeye akimeza uji kwa tabu, akanisimulia habari za Ramzi Tulba, mwigizaji wa Misri aliyemtafsiri kuliko wote. Huyo Ramzi alianza kwa kubeba sinia. Anaingia na kahawa, anaiweka mezani, anatoka, basi, kazi imekwisha. Akachoka. Akajifunza kuandika filamu ili ajipe maneno mwenyewe, na ile ya kwanza aliyoiandika ikampa jina Kairo nzima. Tangu hapo kila mtayarishaji akamtaka, na kila hadithi aliyoandika iliishia yeye kufa mikononi mwa mwanamke mzuri.

"Alijua kufa yule," Mjomba alisema. "Mpaka mimi nalia kwenye maikrofoni."

Kisha akazeeka. Akagombana na waongozaji waliotaka sura changa. Akapewa nafasi za baba, baadaye za hakimu, baadaye za bawabu wa kufungua mlango. Mwisho sigara zikamwua koo, sauti ikakatika. Watu wakasema huyu kwisha habari yake. Naye akakaa chini akajiandikia filamu ya mwisho, akajipa nafasi ya bubu, mlinzi wa njia ya reli ambaye mwanawe anarudi kutoka jela.

Mambo hayo Mjomba aliyapata kwa mwalimu wa Kimisri aliyekuwa akifundisha mtaani na kusoma magazeti ya kwao. Kiarabu cha Mjomba mwenyewe ni cha chuoni, cha kusomea Kurani. Kile cha Kairo kilimpita hewani, kwa hiyo hadithi nyingi alizibuni kwa kuangalia midomo na machozi, na wala hakuona haya kuniambia.

"Sasa ya bubu uliitafsirije?"

"Nilimpa maneno. Nifanyeje? Tajiri wangu alisema watu wananilipia nisikike. Ukikaa kimya kidogo tu, kibandani wanapiga miluzi, wanataka hela yao. Basi bubu wangu akaongea kuliko wote. Bongo nzima hakuna anayejua kwamba yule mtu hakusema hata neno."

Nilicheka mpaka nikapaliwa. Yeye hakucheka.

"Nataka niione bila mimi," alisema. "Nione mtu anaishije bila sauti. Nikiona inawezekana, nakubali nikatwe."

Asubuhi tulichukua bajaji mpaka Upanga, kwa Mzee Kanti, Mhindu aliyekuwa tajiri wa Mjomba wakati wa kanda. Sasa anauza makava ya simu Mtaa wa Aggrey, na siku ile alikuwa nyumbani na miguu yake iliyovimba. Alimtazama Mjomba mlangoni kwa muda.

"Shaweji! Umekonda, bwana."

"Naigiza," Mjomba alijibu, nao wakashikana mikono na kukataa kuachiana.

Mzee Kanti alikuwa amehifadhi kanda mama, zile alizoletewa kabla Mjomba hajaingiza sauti yake. Mkewe alizipigia kelele mpaka alipofariki, alisema, na baada ya hapo hakuwa na moyo wa kuzitupa. Deki ilikohoa, picha ikaja na mistari, tukanywa chai ya maziwa na kutazama.

Mwana anasimama mlangoni na kifurushi chake cha jela. Baba anamwangalia. Kisha anakipangusa kiti kwa kiganja, anakisogeza karibu na jiko, anampakulia, na kumpa mwana mgongo ili ale bila kuona aibu.

"Hapa nilimfanya amtukane," Mjomba alinong'ona. "Nilimporomoshea mwanawe matusi mpaka watu wakashangilia."

Hakukuwa na tusi lolote pale. Uso wa yule mzee ulikuwa umejaa skrini nzima, na nilielewa kila alichotaka kusema. Nilifurahi, sitaficha. Nilijisemea moyoni kwamba kazi ya mama imekwisha, tena bila hotuba.

"Umeona, mjomba? Inawezekana."

"Kwake yeye." Alikinyooshea kidole kioo. "Ona kamera inavyomsogelea. Yule alitazamwa maisha yake yote, Somoe. Mtu ukishaijua sura yake, hata akinyamaza unamsubiri. Mimi sura yangu anaijua nani? Mimi nilisikika tu. Ukiitoa sauti, hapa hakuna mtu wa kumtazama."

"Shaweji, usilete sinema," Mzee Kanti alisema. "Kubali, uishi."

"Niishi kama nani?"

Mimi nikasema sisi tutamtazama, mama atamtazama. Nilisema harakaharaka, na hata masikioni mwangu maneno yalikuwa mepesi.

"Mtanitazama wiki moja," alisema bila hasira, "kisha mtarudi kwenye simu zenu."

Kesho yake hospitalini daktari alimweleza tena, polepole. Mjomba alimsikiliza kwa adabu, halafu akasema hapana. Aliitamka vizuri. Nilitamani kumzaba kofi.

Nilirudi Lindi kwa basi lilelile. Mama alikuwa kizingitini. "Kakubali?" Nikatikisa kichwa. Akakaa chini palepale, na mtandio wake ukaanguka asiuokote.

Haikupita miezi mingi, Mzee Kanti akapiga simu kwamba tukamchukue Mjomba. Tulimkuta sauti imeshaondoka. Ugonjwa haukungoja ruhusa yake. Tulimleta Lindi, majirani wakaja kumjulia hali, wakamsemesha kwa kelele kana kwamba kilichoharibika ni masikio. Mama aliwafukuza. Akaweka kigoda mbele yake akamtazama usoni, asubuhi mpaka jioni, na baada ya siku chache alijua lini anataka maji, lini anaumwa, lini anamdhihaki jirani wa nyumba ya pili. Nami nikajifunza kwa mama. Mjomba alikuwa na uso wa kuchekesha mno. Nyusi zake peke yake zilitosha kibanda kizima, na sisi tulikuwa hatujui.

Nilichojifunza baada ya safari ile ni kwamba alikosea. Palikuwa na mtu wa kumtazama. Naye alilijua hilo kabla hajafa. Siku moja tulicheka wote watatu kwa kitu alichofanya kwa macho, akatutazama mmoja mmoja, kisha akaanza kulia.