Mayai ya Bata Bukini

Ziwa lililo nyuma ya nyumba zetu, hapa Gaithersburg, Marekani, lilichimbwa na watu. Mtaa ulipokuwa ukijengwa walihitaji mahali pa kupokea maji ya mvua kutoka kwenye mapaa na barabara, wakachimba shimo, wakapanda nyasi kandokando, wakaliita ziwa. Unaweza kulizunguka na kikombe cha chai mkononi, ukarudi nyumbani chai bado ina moto.

Kwa miaka mingi nililipita tu. Mimi ni nesi wa wodi ya wazazi, zamu ya usiku, na nikitoka kazini usingizi hauji upesi. Miguu inauma lakini kichwa hakitaki kulala, kwa hiyo natembea kando ya maji mpaka macho yawe mazito. Kiangazi kimoja mwani uliyageuza maji rangi ya mchicha uliopondwa, yakaanza kunuka, na kibao kikasimikwa kuonya watu na mbwa wasiyaguse.

Asubuhi moja mwanamke wa Kimarekani, mwalimu mstaafu anayeishi upande wa pili wa ziwa, alinisimamisha. Yeye ndiye aliyeongoza kikundi cha wakazi waliojitolea kuyasafisha maji. Alisema huniona kila siku, kwamba mimi ni mtu wa asubuhi kama yeye, na kikundi kinahitaji watu wa asubuhi. Nilitaka kumwambia kwamba mimi ni mtu wa usiku ambao haujaisha. Lakini nilikuwa nimechoka, na mtu aliyechoka hukubali mambo kwa sababu kukataa kunahitaji maelezo marefu.

Nilimvuta na jirani yangu ili nisiwe peke yangu. Ni mama wa Kikongo, amenizidi umri, na kazi yake ni kutunza wazee majumbani mwao. Alizaliwa Uvira, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Siku ya kwanza alisimama juu ya kidaraja cha mbao, akatazama maji kwa muda.

"Hii njo munaita ziwa?" akaniuliza.

"Ndiyo hii, mama."

"Bon, sawa. Tutaisaidia."

Tuliokota chupa na mifuko ya kinyesi cha mbwa. Tulipanda matete ukingoni ili yazuie mbolea inayooshwa na mvua kutoka kwenye nyasi za watu. Kazi hizo sikuzichukia. Kisha ikaja masika, na mwalimu akazungumzia bata bukini wa pale ziwani.

Walikuwa wengi mno, alisema, na kinyesi chao kilikuwa kinaulisha mwani uleule ulioharibu maji. Kibali cha kupunguza vizazi vyao kilikuwa kimepatikana. Hakuna bata atakayeuawa. Unayachukua mayai kwenye kiota, unayatumbukiza kwenye ndoo ya maji. Linaloelea lina kifaranga aliyekwisha kukua, unalirudisha kama lilivyo. Linalozama bado ni changa. Hilo unalipaka mafuta ya mahindi, hewa isipite kwenye ganda, kisha unalirudisha chini ya manyoya. Ukiyaondoa kabisa, bata atataga mengine. Ukiyarudisha, anaendelea kuatamia akidhani mambo yako sawa.

Akanitazama. "Wewe ni nesi. Una mikono mizuri." Hakuniuliza nesi wa wodi gani.

Kiota chetu cha kwanza kilikuwa karibu na kidaraja. Jirani yangu alifungua mwavuli mkubwa, akausukuma mbele kama ngao, na bata dume akaupiga kwa mbawa huku jike akitoa sauti kama ya mvuke unaovuja. Nilipiga magoti kwenye tope na glavu zangu. Mayai yalikuwa na joto, joto lilelile la mtoto anapowekwa mkononi mara ya kwanza. Yote yalizama. Niliyafuta, nikayapaka mafuta, nikayarudisha moja moja.

"Kwetu mayai hii tungeikula," alisema kutoka nyuma ya mwavuli. "Haingekuwa na haja ya mikutano." Akachungulia mikono yangu. "Weye, usiku unazalisha watu, asubuhi unafunga kizazi."

Alicheka. Mimi sikucheka, halafu baadaye, tukiwa tunanawa mikono kwenye bomba la bustani yake, nilicheka mpaka nikakaa chini.

Wiki zilipita. Kwenye viota ambavyo mayai yake yaliwahi kuelea, vifaranga wa manjano walitoka, wakaanza kuwafuata mama zao majini. Jike wa kidarajani aliendelea kukaa. Nilimwona kila asubuhi. Mvua ilimnyeshea, jua likampiga, manyoya yake yakapoteza mng'ao na shingo ikakonda. Dume alisimama kando, hata mbwa akipita hakusogea. Mwalimu alituandikia kwamba muda wa kuangua umepita na mtu anaweza kwenda kuyaondoa mayai. Tulisoma sote. Hakuna aliyejitolea. Mimi nilianza kuzunguka ziwa kwa upande mwingine.

Asubuhi moja nilikuwa nimekwisha kuvua viatu wakati jirani yangu alipogonga mlango.

"Ule bata akingali pale," alisema.

"Nimemwona, mama."

"Inapashwa mutu aende amuambie."

Niliegemea fremu ya mlango. Kazini kwangu, kuambia ni sehemu ya zamu. Mtoto akifia tumboni, daktari husema neno moja na kutoka, kwa sababu kuna mwingine anamsubiri, na mimi ndiye ninayebaki na mama yake pale kitandani. Kitambaa cha joto ninaleta mimi, simu ya mumewe ninapiga mimi, na swali ambalo daktari hakungoja kuulizwa ninaulizwa mimi. Wiki ile nilikuwa nimebaki na mama mmoja hivyo mpaka zamu ikaisha, na maneno yangu yalikuwa yameisha pia.

"Si leo, mama. Nimechoka."

"Na yeye amechoka," akasema. Alisimama tu pale barazani na mwavuli wake, mpaka nikavaa viatu tena.

Mwavuli haukuhitajika. Tulipokaribia, jike alisimama, akatikisa miguu kama mtu aliyekaa vibaya safarini, akasogea pembeni. Dume alitutisha kidogo, kwa desturi tu. Niliyaweka mayai kwenye ndoo. Bado yalikuwa na joto, na hilo ndilo lililonishinda. Nilibaki nimepiga magoti.

Jirani yangu alichutama hatua chache kutoka kwa yule bata, akamsemesha kwa lugha ya kwao, si Kiswahili. Maneno machache, kwa sauti ya kawaida, kama unavyomwambia mtu kwamba gari limeondoka. Sikuyaelewa na mpaka leo sijamwuliza. Kisha akaja akanishika chini ya kwapa, kama anavyowainua wazee wake, akaniinua.

Tulichimba shimo chini ya miti, la kina, mbweha asiyafikie mayai, tukayafukia. Tulipotazama nyuma, jike alikuwa amerudi, amekalia manyoya matupu. Tukaenda nyumbani. Kesho yake asubuhi alikuwa kwenye nyasi pamoja na wengine, anakula. Sikupata furaha wala faraja. Niliona tu kwamba anakula, nikaenda kulala, na siku hiyo nililala kweli.

Kiangazi kilipofika, mwani ulikuja tena. Ulichelewa, na ulikaa pembeni tu, lakini ulikuja. Mwalimu aliinua chupa ya maji mbele ya kikundi, akasema tuone tofauti. Watu wakapiga makofi. Mimi nilitazama sana ile chupa na sikuona kitu. Binti yangu, ambaye nikimsemesha Kiswahili hunijibu Kiingereza, aliniambia siku moja akirudi kutoka shuleni kwamba siku hizi hazibi pua akipita kidarajani. Hiyo ndiyo ripoti ninayoikumbuka.

Mwezi uliopita mwalimu alitutumia ujumbe wa kazi za msimu huu. Nilikaa na simu mkononi ndani ya gari, nje ya hospitali, sare yangu ikiwa na madoa. Nikamjibu kwamba nitakuja, ila anipe kazi ya matete. Akasema anaelewa, lakini kwa viota hana mtu mwingine. Nilimpigia jirani yangu kumlalamikia.

"Ulimuambia nini?" akauliza.

"Hilo la viota bado sijamjibu."

Nilisikia redio ya mzee fulani nyuma yake, na yeye akimwambia kwa upole anyanyue mkono ili amvalishe shati.

"Jumamosi niko na nafasi ya kushika mwavuli," akasema aliporudi kwenye simu. "Lakini ulale kwanza."