Kupunguza Maswali ya Ubatizo

Nauza suruali hapa mtaa wa Greyville, karibu na bahari, na sijawahi kulipa bei ya kwanza. Kwa hiyo mwalimu wetu wa ubatizo, Mkongomani mpole mwenye miwani, aliponionyesha maswali atakayoulizwa mama wa chapati, niliyahesabu. Kumi. Nikarudia. Kumi tena.

Mama huyo, Mrundi, jirani yangu, alikuwa ameshafeli mara mbili. Wenzake wote wangebatizwa baharini Jumapili. Yeye, akifeli tena, angebaki ufukweni akiwashikia viatu. Na mdhamini wake ni mimi.

"Mwalimu, kumi ni mengi. Fanya matatu."

"Papa, hapa haiko soko."

"Manne basi. Si wewe uliyetufundisha kwamba Wakristo wa mwanzo, mtu akitaka ubatizo, waliuliza kwanza kama ametembelea wagonjwa na kusaidia wajane?"

Akavua miwani. "Eish. Ile iko mambo ya zamani."

Tukakubaliana matano.

Mama akaketi, unga bado uko kwenye viwiko. Swali la kwanza: Utatu Mtakatifu ni nini?

Akafikiri kweli kweli. "Mwalimu, hao watatu nawaheshimu wote. Sijawahi kumpendelea mmoja."

Mwalimu akaandika kosa. Alipoinua kichwa, mama alikuwa amesimama. "Nisameheni, uji wa mzee unapoa." Akatoka.

Mzee huyo mgonjwa alikaa ghorofa ya juu kabisa ya jengo hili hili, na lifti ilikufa zamani. Sisi tulimwombea kila Jumapili kutoka huku chini. Maombi hayachoki na ngazi. Tulimsubiri mama, wapi. Tukapanda kumfuata, mwalimu na maswali yake, mimi na pumzi za kukopa.

Tulimkuta amemwinua mzee nusu, shuka chafu mkononi.

"Afadhali mmekuja. Mwalimu, shika mgongo. Wewe, beseni."

Mwalimu akashika. Karatasi ya maswali ikaangukia kwenye maji ya beseni.

"Nani huyu?" mzee akauliza.

"Mwalimu wa kanisani kwenu, baba," mama akamjibu.

"Ahaa, yule wa kuniombea! Karibu. Nilidhani unaishi mbali, kule Johannesburg."

Mwalimu akashikilia mgongo mpaka shuka safi likatandikwa. Ndipo akatamka, macho kwenye beseni: "Jumapili asubuhi, pwani. Mama avae nguo nyeupe."

Mama akageuka. "Na yale maswali manne yaliyobaki?"

Nikamkanyaga mguu. "Mama, bei ikishafika chini, mnunuzi haulizi. Funga mzigo twende."