Kadi Mbili za Mama Ndege

Ukifika Mpanda mjini ukauliza nyumba ya Faudhia binti Rajabu, watu watatazamana kwanza. Uliza kwa Mama Ndege, na hata muuza vocha atakusindikiza hadi mlangoni. Jina hilo alipewa kwa utani na warina asali wa kijiji cha Magamba, likamganda, na tusifichane, mwenyewe halimchukizi hata kidogo.

Alianza kama wenzake wote, na ndoo za asali kwenye treni ya Tabora, akisinzia huku mkono mmoja umekaa juu ya kifuniko. Leo ndiye muuzaji wa ushirika wa warina asali, na kazi hiyo humpeleka Dar es Salaam, Nairobi na Dubai. Mwaka juzi ilimfikisha Istanbul, akawaonjesha Waturuki asali ya miombo mpaka wakapunguza kuringia ya kwao. Hana elimu kubwa, ila hajawahi kuingia mahali akajiona kapotea. Watu wa aina hiyo wapo, na wakikuudhi ni kwa sababu mara nyingi wanakuwa sahihi.

Ndani ya pochi yake mlikuwa na kadi mbili za dhahabu, na habari hii yote inatokana na kadi hizo. Shirika la ndege likiona unasafiri nalo kila mara, linakuhesabia pointi, na pointi zikikua linakupandisha daraja mpaka unaitwa mteja wa dhahabu. Faudhia alikuwa dhahabu kwa mashirika mawili. Moja ni Mbayuwayu, ambalo ndege zake ndogo za panga boi ndizo zinazotua Mpanda, na siku hizi lina na kubwa za kwenda Dubai. Jingine ni Heroe, shirika la ndege kubwa tupu, ambalo Mpanda hulioni ila likipita juu kwa juu.

Kadi ya Mbayuwayu ilimpa kiti hata ndege ikiwa imejaa, na kilo za ziada za mizigo bila kulipia. Mtu wa Mpanda anajua thamani ya vitu hivyo viwili. Kadi ya Heroe ilimpa chumba cha kupumzikia chenye makochi na juisi, ilimpa kusalimiwa kwa jina, na ilimpa ruhusa ambayo Mbayuwayu hawakuwa nayo: mteja wa dhahabu anaweza kumkatia ndugu yake tiketi kwa pointi.

Mwaka huo safari zilipungua. Masika yalikuwa mabaya, maua yakapukutika mapema, mizinga mingi ikatoka mitupu. Ilipofika Novemba ilikuwa imebaki safari moja tu, ya maonyesho ya vyakula Dubai, na safari hiyo ingetosha kuokoa kadi moja. Ya pili ingeshuka daraja mwaka ukiisha. Nauli zilikaribiana, hata ukihesabu ya kumfikisha Dar kupandia Heroe, na Ubaldo, mwenyekiti wa ushirika, alikuwa akingoja aambiwe tiketi ikatwe wapi.

"Ni Mbayuwayu tu, dada Faudhia," alisema Ubaldo. "Zile kilo za bure ndizo zinatubebea sampuli. Tunabishana nini?"

"Niachie wiki moja, mwenyekiti," alijibu.

Hakuhitaji wiki. Moyoni alikwisha chagua Heroe, na wala si kwa ajili ya juisi. Mama yake, Mama Kasimu, aliyekuwa akiishi Karema ziwani, alikuwa anatamani kwenda umra tangu alipofiwa na mumewe. Mara ya kwanza akiba yake iliishia kwenye nyavu za Kasimu, mwanawe mkubwa, baada ya dhoruba. Mara ya pili iliishia kwenye paa. Tangu hapo hakuitaja tena safari hiyo, na kule kutoitaja ndiko kulikomuumiza Faudhia. Magoti ya mama yalikuwa yanachoka, na kila mwaka aliinuka kwenye msala kwa tabu zaidi. Faudhia na kaka yake walikwisha jipanga kwa malazi na visa, na lilikuwepo kundi la akina mama la kusafiri nalo mwakani. Kilichobaki kilikuwa kiti cha ndege, na pointi za Heroe zilikitosha. Lakini dhahabu ikishuka, zingebaki kuwa za mwenye kadi peke yake, na ruhusa ya ndugu ingefutika, hata kwa tiketi iliyokwisha katwa.

Kwa hiyo aliona hakuna la kufikiri. Alipanda gari la Karema asubuhi akiwa na furaha iliyomfanya aongee na abiria asiowajua.

Mama Kasimu alikuwa uani akianua samaki wa migebuka waliokauka. Alipoambiwa, aliweka ungo chini, akakaa, akaushika mkono wa binti yake akaubusu. Alilia kidogo bila kujificha. Kisha akajifuta kwa pindo la khanga na kuuliza swali ambalo watu wa pwani ile ya ziwa huuliza kabla ya safari ya Makka, kwa sababu mtu haendi kule mpaka amewaomba watu radhi, amelipa anachodaiwa, na amejua nauli yake imetoka wapi.

"Hiki kiti kimelipwa na nani, mwanangu?"

"Hakijalipwa, mama. Ni zawadi ya watu wa ndege."

"Mbona mimi hawanipi?"

"Wananipa mimi kwa sababu nasafiri nao sana."

"Na hizo safari nauli unalipa wewe?"

"Unalipa ushirika."

Mama Kasimu aliokota samaki mmoja, akamgeuza, akamrudisha kwenye ungo. "Basi hiyo zawadi imetoka kwa wale wenye mizinga. Wanajua kama wameitoa?"

Hapo Faudhia alikuja juu kidogo. Alieleza kwamba pointi zimeandikwa jina lake, kwamba ushirika haungeweza kuzitumia hata ungetaka, kwamba duniani kote wasafiri wa kazi wanafanya hivyo hivyo wala hakuna anayewauliza.

"Sijasema umeiba," alisema mama. "Ila nikifika pale mbele ya nyumba ya Mungu, nisiwe na kitu ambacho mwenyewe hajui kama amenipa. Kama hakiwapunguzii, basi na kuwauliza hakukupunguzii wewe. Nenda kawaulize. Na nataka nisikie kwa masikio yangu."

"Na wakikataa?"

"Mungu anajua Karema iko wapi. Nitaswalia hapa hapa."

Alirudi Mpanda amenuna njia nzima. Mwanamke aliyebishana bei na matajiri wa Dubai akawapeleka anakotaka sasa alikuwa anaogopa kusimama mbele ya watu wa Magamba. Aliwaza kusema tu kwamba ameuliza na wameridhia, kisha akakumbuka mama anavyomsoma sauti hata kwenye simu. Na bado kulikuwa na Ubaldo na zile kilo zake.

Mkutano ulifanyika katika banda la ushirika, watu wamekaa juu ya ndoo zilizofunikwa. Faudhia alisimama akasema yote kwa mpigo mmoja: kadi mbili, safari moja, mama yake, na kwamba akienda na Heroe, kilo za bure zinakufa pamoja na kile kiti cha uhakika. Hakupamba. Aliposema "nawaomba," neno hilo lilimtoka kwa shida, na aliyemfahamu aliona.

Mzee Damiano, Mkonongo aliyezeekea kwenye mizinga, ndiye aliyecheka kwanza. "Kumbe miaka yote hii tumefuga na ndege, wala hatuna habari."

Watu wakacheka, na Faudhia naye, ingawa kwa nusu.

"Nyie mnacheka," Damiano aliendelea, "lakini jambo lenyewe mbona tunalo. Tukienda kurina, nani anakula sega la kwanza?"

Kila mmoja alijua. Kwao mtu anayeufikia mzinga na kuupulizia moshi ndiye anayeumwa na nyuki, na sega la kwanza ni lake, hata kama mzinga ni wa mwingine. Analila pale pale chini ya mti kabla ndoo haijaguswa. Hakuna aliyewahi kumwita mwizi kwa hilo.

"Huyu anaumwa kwa ajili yetu huko angani," alisema Damiano. "Mwaka ule mwanae anaugua surua, yeye yuko Nairobi na asali yetu. Hizo pointi ni sega lake. Sasa akitaka kumlisha mama yake, mimi nimnyang'anye mdomoni?"

Ubaldo alikuna kidevu. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mwenyekiti tu. "Mimi kwa hilo sina neno. Ila mizigo."

"Na mimi nauliza hiyo hiyo mizigo," alisema Katarina kutoka nyuma. Katarina alikuwa mjane mwenye mizinga michache, na safari iliyopita chupa zake zilibaki Dar kwa sababu ya uzito. "Wanunuzi walionja za wenzangu, zangu hawakuziona. Safari hii ndiyo zitabaki tena?"

Faudhia alimgeukia, na hapo sauti yake ya kawaida ilimrudia. "Chupa zako ndizo nitafunga kwanza, dada Katarina. Zitakaa mahali pa nguo zangu. Nitakwenda na gauni nililovaa na jingine moja. Wanaonunua pale wananunua asali, gauni langu hawaliulizi."

"Hilo la kijani usiliache," alisema Katarina. "Mimi nimeridhia."

Faudhia alipiga simu Karema, akaweka sauti kubwa, akaiweka simu juu ya ndoo katikati. Mama Kasimu aliwasalimia, akawaomba kila mmoja aseme kwa kinywa chake. Wengi wao walikuwa Wakristo na jambo lile lilikuwa geni kwao, lakini radhi ya mama mzee haihitaji kutafsiriwa. Mmoja mmoja waliinama juu ya ile ndoo. "Nimeridhia, mama." "Nimeridhia, ukatuombee maua." Damiano alisema kwa Kikonongo kwanza, kisha kwa Kiswahili, ili pasiwe na shaka. Ubaldo alimaliza kwa kusema tiketi ya Heroe itakatwa kesho yake.

Faudhia aliinama kuichukua simu. Alidhani yamekwisha.

"Wamesema ni sega lako, Faudhia," alisema mama. "Nimewasikia. Basi bado mmoja. Na wewe umeridhia?"

Banda zima lilimtazama. Alikuwa amewaza nauli, kilo, daraja, kaka yake, mwenyekiti, na katika yote hayo hakuna aliyemuuliza yeye, wala yeye hakujiuliza. Alizoea kutoa akiwa mbioni, kama mtu anayelipa nauli mlangoni. Mama Ndege, mwenye jibu la kila mtu, alisimama pale mbele ya ndoo za asali, na machozi yakamshuka mbele za watu bila yeye kuyafuta.

"Nimeridhia, mama," alisema. "Nimeridhia sana."

"Haya," alisema Mama Kasimu. "Sasa nitafutie viatu. Hivi vya ufukweni havifai kwa safari."