Vichwa vya Kuazima

Mama yangu mdogo ana saluni ya kusuka ndani ya Galerie d'Ixelles, jengo la maduka jijini Brussels: viti vinne, kioo kimoja kirefu, na ukuta uliojaa picha za vichwa. Nilipomaliza chuo, nikiwa na shahada ya pili ya mawasiliano na bila kazi, aliniomba nimtengenezee tovuti. Nilitumia siku kadhaa kujiuliza kama alinihitaji kweli au alinihurumia tu. Baadaye nikakubali.

Chuoni tulifundishwa kwamba kabla hujaandika neno lolote, uwajue majirani zako. Unachukua tovuti moja unayoipenda, unaandika amri fupi kwenye kisanduku cha kutafutia pamoja na anwani yake, na injini inakuletea nyingine zinazofanana nayo. Siku hizo amri hiyo ilikuwa bado inafanya kazi. Nilianza na saluni moja kubwa ya Paris. Ikaniletea nyingine kumi na kitu, na kila moja ya hizo nikaiulizia zake. Nikatengeneza jedwali. Nikapaka rangi. Nikaongeza safu ya kuonyesha nani anasema "mimi" na nani anasema "sisi".

Nikiwa chumbani kwetu Ganshoren, mtaa uliotulia hadi unasikia jirani akifunga dirisha, nilijiona nafanya kazi. Mama mdogo akipiga simu kuuliza tumefika wapi, nilimwambia niko kwenye utafiti. Akaniambia niendelee, kwa sauti ya mtu anayepisha mwalimu mlangoni. Baada ya wiki tano nilikuwa na tovuti sabini na nne kwenye jedwali, na ya kwake haikuwa na hata sentensi moja.

Ijumaa akasema Jumamosi anataka kuiona. Nikaandika maneno kwa saa tatu. Zikabaki picha. Alikuwa ameniambia mara nyingi nije saluni nimpige picha akisuka, na kila mara nilipata sababu ya kutokwenda. Kweli ni kwamba niliwaogopa wanawake wa kwenye viti, wangeniuliza nafanya kazi wapi. Basi nikaenda chini kabisa ya orodha yangu, kwenye saluni ndogo ya Liège, nikachukua picha sita za vichwa vilivyopigwa kwa nyuma. Nilifikiria kila kitu. Hakuna uso, kwa hiyo hakuna mtu wa kulalamika. Ni saluni ya mji mwingine. Iko mwisho wa orodha, hakuna anayefika huko. Nikaifungua tovuti kwa umma, nikamtumia anwani.

Lazima niseme jambo ambalo nililijua tangu nikiwa mdogo. Pale Galerie, picha unayobandika ukutani ni ya kichwa ulichosuka mwenyewe. Ukibandika cha mwenzako, watasema una vichwa vya kuazima, na neno hilo litakufuata hata ukihamia duka lingine. Mama mdogo mwenyewe alikuwa amelitamka mbele ya wateja, kwa mwanamke wa saluni ya jirani, na yule mwanamke akabandua picha zake akilia. Nililijua hilo. Ila kichwani mwangu ilikuwa sheria ya ukuta. Haikunijia kwamba tovuti nayo ni ukuta.

Jumamosi nilipofika, alikuwa ameshaituma kwenye kikundi cha simu cha wasusi, wale wa Brussels na wa miji mingine. Mteja mmoja, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama, alikuwa akiisoma kwa sauti. Mama mdogo akamwambia mimi ni mtoto wa dada yake mkubwa, nimesoma université, nimefanya recherche, yaani utafiti, wiki tano. Kisha akafuta mikono, akachukua simu, akaikuza picha ya kwanza.

Akaikuza tena. Akamwita mwenzake wa kiti cha pili, mama mmoja wa Bujumbura.

"Angalia hii."

Yule mama hakuchelewa. "Huu si mkono wako. Huyu ameanza kushoto."

Mistari yote ya picha ile ilikuwa imelala upande mmoja nyuma ya sikio, kama maandishi ya mtu anayetumia mkono wa kushoto. Niliiona mara tu aliposema. Nilikuwa nimeitazama picha ile tangu jana yake.

"Ulitosha hii wapi?" mama mdogo akaniuliza, yaani niliitoa wapi.

Nikaeleza. Nilieleza sana, amri, orodha, majirani, jedwali. Mteja akacheka, akasema, donc, kwa hiyo mashine imesema nyinyi ni ndugu. Mama mdogo hakucheka. Alikuwa ameujua ule mkono. Ni wa mwanamke aliyekaa naye mwaka mzima walipofika Ubelgiji, wakingojea makaratasi ya kuishi nchini, na yumo kwenye kikundi.

Nikasema nitafuta sasa hivi. Akasema nifute, lakini walioona wameona. Kisha akapiga simu Liège, akiwa amesimama, huku mteja ameinamisha kichwa akisubiri.

"Dada, zile picha, ni mimi niliweka. Nilikosa. Unisamehe."

Nilikuwa karibu naye kiasi cha kuisikia pumzi ya mtu wa upande wa pili. Nilikuwa na muda wa kusema ni mimi. Nikahesabu ni nani angesikia, nikajiuliza kama kuingilia simu ya mtu mzima ni kukosa adabu, na nilipokuwa bado najiuliza akakata. Akarudi kwenye kichwa cha mteja. Hakunitazama, wala hakunifukuza.

Ilinichukua siku nne. Niliandika ujumbe kwa Kifaransa kizuri, nikaufuta, nikauandika tena. Mwisho nikabonyeza kitufe cha sauti kwenye kikundi kile, ambamo mama mdogo alikuwa ameshaniingiza, nikasema kwa Kiswahili cha nyumbani kwamba mama mdogo hakuweka picha zile, niliziiba mimi, na kwamba siku ile nilisimama pale nikamwacha abebe lawama.

Yule wa Liège alijibu kwa sauti pia, nyuma yake mashine ya kukausha nywele ikivuma.

"Bon, nilijua. Ule mama yako mdogo hajue hata kutia picha ku telefone. Nilikuwa ninangoya kama utasema."



Jumamosi iliyofuata mama mdogo aliniita nije na kamera. Nilipofika alinielekeza kwenye kiti. Alinisuka mwenyewe, kwa muda wa saa tano, akianzia kulia, akivuta hadi machozi yakanitoka, na wale wanawake waliniuliza maswali yote niliyokuwa nayakimbia. Nikayajibu. Kazi, sina. Alipomaliza alichukua kamera mkononi mwangu, akaniuliza abonyeze wapi, akanipiga kwa nyuma.

Ndiyo picha pekee iliyoko kwenye tovuti hadi leo. Nikiifungua, naitazama mistari, natafuta kama kuna mahali mkono wake ulitetemeka kwa hasira. Sijapata.