Kata Haikurudi Mtungini

Juzi katika duka la kompyuta Homa Bay, mzee mmoja mbele yangu kwenye foleni alisubiri wasifu wa marehemu mkewe uchapishwe kabla mwili haujatoka mochari. Kompyuta ikaganda.

"Pole, baba," fundi akasema akijikuna kichwa. "Hii programu niliandika mwenyewe. Sehemu zake zinafanya kazi pamoja, kila moja inafungua faili, inadhani ingine itafunga. Sasa faili zilizoachwa wazi zimejaa, mashine imekwama."

Mzee alishika kofia kifuani. "Kwenu hamkuwa na mtungi? Ukishakunywa, kata ya kuchotea unarudisha."

Fundi aliizima, akaiwasha. Karatasi zikatoka.

Mimi niliinama. Utotoni niliacha kata zetu zote shambani, mgeni akakosa cha kunywea maji, mama akaaibika. Alizikusanya bila kuuliza ni nani aliyeziacha.

Kompyuta huwashwa upya. Mama hayupo nimwambie ni mimi, Mungu anisamehe.